Linux ina wenyewe, na sisi tuwemo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeshauri shule ziache Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa kuwa "mfumo wa bure hauna mwenyewe, kifaa kikigoma hujui umshike nani." Mimi ni fundi kompyuta hapa Ngamiani, Tanga, na jambo hilo limepita mikononi mwangu.

Mwaka jana sekondari moja iliniletea kompyuta 12 za mitumba pamoja na vidude 12 vya wai-fai vya kuchomeka, vimenunuliwa kwa mkupuo. Muuzaji alitoa na sidii ya draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa. Nikaiweka, ikakubali. Wiki chache baadaye mfumo ukajisasisha, keneli, kiini cha mfumo, ikawa mpya, wai-fai ikakatika kwenye mashine zote. Mwalimu alinipigia asubuhi wanafunzi wameshakaa darasani.

Draiva ile iliandikiwa keneli ya zamani na ikaachwa nje ya keneli yenyewe. Keneli ya Linux hutoa toleo jipya kila baada ya wiki 9 au 10, na viungo vyake vya ndani hubadilika. Anayebadilisha kiungo hupaswa kurekebisha draiva zote zilizomo ndani zinazokitegemea. Ya kwenye sidii nani ataikumbuka?

Nikapasua kidude kimoja ambacho ganda lake lilikuwa na ufa. Chipu yake niliijua: keneli tayari ina draiva yake. Tatizo ni kwamba orodha ya vifaa ndani ya draiva hiyo haikuwa na namba za kidude chetu, ya mtengenezaji na ya kifaa, tarakimu nne nne. Mstari mmoja tu! Nikauongeza, nikaijenga upya draiva, nikachomeka. Taa ya kijani ikaanza kupepesa. Siku ile sikula mchana kwa furaha.

Jina la mtunzaji wa draiva nililipata kwenye faili la MAINTAINERS, ambalo limo humo humo kwenye keneli na hutaja kila sehemu iko chini ya nani. Nikamtumia mstari wangu kwa barua pepe. Akaurudisha: programu yangu ya barua ilikuwa imevuruga nafasi za mwanzo wa mstari, tena sikueleza nimejaribu kwenye mashine gani. Nikarekebisha, nikaweka jina langu kuthibitisha kuwa nina haki ya kuitoa kazi hiyo, akaupokea. Leo kidude kile kinashika chenyewe, bila sidii.

Kwa hiyo mwenyewe yupo, ndugu msomaji. Ninachohofia mimi ni draiva zinazoandikwa yatima kwenye faili hilo, yaani zisizo na mtunzaji. Mwaka 2019 yaliikuta draiva ya floppy, zile diski laini za zamani, kwa kuwa mtunzaji wake hakuwa tena na kifaa kizima cha kujaribia, mpaka alipojitokeza mwingine akaichukua. Sasa vifaa vya zamani viko wapi kama si kwetu? Printa na kadi za mtandao zilizotupwa kwingine ndizo zinazofanya kazi kwenye ofisi zetu kila siku.

Nawaomba walimu wa kompyuta vyuoni wampe mwanafunzi kifaa kimoja cha zamani, akijaribu kwenye kila keneli mpya na kumwandikia mtunzaji anachokiona. Kile kidude chenye ufa shule ilinipa. Kipo mezani kwangu, na toleo jipya likitoka ndicho ninachokichomeka kwanza.

Fundi kompyuta,
Ngamiani, Tanga