Kwa Nini Hatupulizi Rangi Mpya Juu ya Rangi ya Zamani

Mteja anapotuletea behewa la abiria la treni ya mfano, swali lake la kwanza huwa hili: "Fundi, si upulize tu juu ya hii iliyopo?" Jibu letu ni hapana, na sababu imo katika kipimo. Kwenye kipimo cha HO kila kitu kimepunguzwa mara 87, hivyo tabaka la rangi lenye unene wa milimita 0.1 ni sawa na karibu milimita 9 kwenye behewa halisi. Rangi nzito namna hiyo huzika ribiti (vile vichwa vidogo vya pini za kuungia mabati) na kufuta mistari ya milango, na behewa lililochongwa kwa ustadi likaonekana kama limechovywa kwenye uji.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi yetu hufanyika kabla ya kupaka chochote. Tunafungua paa, tunatoa viti, taa na vioo, kisha tunaloweka bodi kwenye alkoholi ya isopropili na kuisugua kwa mswaki laini mpaka rangi ya zamani iachie hata pembeni mwa kila ribiti. Thina ya magari hatuigusi, kwa kuwa huyeyusha polistirini, plastiki ya bodi. Mabehewa yaliyopinda ubavu kwa thina hayarudi tena. Hapo ndipo tunapokwangua vishikio vinene vya plastiki, tunatoboa matundu kwa keekee ndogo ya mkono, na kuweka vishikio vya waya mwembamba wa shaba.

Kupuliza kwenyewe ni kazi fupi, ila hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi. Bila kichujio, maji hukusanyika kwenye mpira wa kompresa na kutemwa juu ya bodi. Vanishi ya laka ni mbaya zaidi: kimiminika chake hukauka haraka, uso unapoa, unyevu wa hewani unatua juu yake, na rangi nyekundu uliyoisubiri inapata ukungu mweupe. Kwa hiyo wakati wa masika hatutoi ahadi ya tarehe, hata mteja akinuna.

Behewa likiwa la rangi mbili, isiyokolea hutangulia. Ikikauka, tunabandika utepe, tunapuliza tena rangi ile ile isiyokolea ili izibe ukingo wa utepe, ndipo iliyokolea inafuata. Mstari hutoka umenyooka bila kuvuja. Vioo hurudishwa mwisho kwa gundi nyeupe ya mbao, maana mvuke wa supa gluu huacha utando mweupe kwenye plastiki angavu, na utando huo haufutiki kwa kitambaa.

Wapo wanaotaka behewa la Kimarekani ligeuzwe kuwa la reli ya zamani iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896. Rangi si tatizo. Tatizo liko chini. Reli ile ina upana wa mita 1, ambao kwa HO ni kama milimita 11.5, ilhali magurudumu ya behewa lako yamepangwa kwa reli ya milimita 16.5, inayolingana na SGR, reli ya kisasa iliyo pana zaidi. Bogi, yaani fremu zinazobeba magurudumu, tunaweza kubadilisha, lakini njia uliyoitandika nyumbani nayo italazimika kubadilika, kwa hiyo tunakuomba uamue kabla hatujaloweka bodi.