Tepurekoda za rili zisigeuzwe makabati

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nijibu ushauri uliotolewa na ukurasa wenu wa nyumba na mapambo, kwamba mwenye tepurekoda ya zamani ya rili, yaani mashine ya kurekodi na kuchezea sauti kwa kanda inayozungushwa kwenye magurudumu mawili yaitwayo rili, anaweza kuing'oa mota na nyaya, akabakiza sanduku na uso wake, kisha akaigeuza kuwa kabati dogo la sebuleni na kutundika rili zake ukutani. Mwandishi wa ushauri huo aliona jambo la kweli. Mashine hizi zinavutia macho, na hata kijana ambaye hajawahi kusikia kanda ikilia husimama mbele yake na kuiangalia kwa muda mrefu. Lakini ushauri wenyewe unakiondoa kile kile kinachomsimamisha. Nimetengeneza vifaa vya sauti kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ninaamini kabisa kwamba sura ya tepurekoda haitenganishwi na kazi yake, kwa sababu ilisanifiwa kazi hiyo ionekane usoni.

Tuanze na rili zenyewe. Kanda hupita mbele ya hedi, yaani kichwa kinachoandika na kusoma sauti kwenye kanda, kwa mwendo mmoja usiobadilika, uwe ni inchi 7 na nusu kwa sekunde kama katika mashine nyingi za nyumbani au inchi 15 kama katika studio, lakini rili haziwezi kuzunguka kwa mwendo mmoja. Ya kushoto, inayotoa kanda, huanza taratibu ikiwa imejaa na huongeza kasi kadiri inavyopungua. Ya kulia, inayopokea, huanza kwa haraka na kutulia kadiri inavyonenepa. Katika rili kubwa ya studio ya inchi 10 na nusu, kanda ikienda inchi 15 kwa sekunde, rili iliyojaa huchukua takriban sekunde 2 kumaliza mzunguko mmoja, ilhali iliyo tupu humaliza mzunguko wake kwa takriban sekunde 1. Wakati zinapolingana ni mmoja tu, pale kanda inapokuwa imegawanyika nusu kwa nusu, kisha zinaachana tena. Rili hiyo yenye kanda ya futi 2,500 hulia kwa dakika 33 hivi, na mtu aliyezoea hujua muziki umebakiza muda gani kwa kuangalia unene wa kanda kila upande, bila kuitazama saa. Sijaona chombo kingine cha kusikilizia muziki kinachouonesha muda kwa umbo namna hiyo.

Hata yale matundu matatu makubwa yaliyokatwa kwenye sahani za rili ya alumini, ambayo wapambaji huyapenda sana, yapo kwa sababu. Yanapunguza uzito, yanaruhusu kidole kuingia ili kuanzisha kanda kwenye kitovu, na yanamwezesha fundi kuona kama kanda inajipanga sawasawa au inapanda ukingoni. Rili ikizunguka kwa mwendo wa kucheza, matundu hayo hupita polepole kiasi cha jicho kuyafuata moja baada ya jingine. Ikirudishwa nyuma kwa kasi, yanayeyuka na kuwa duara la mwanga. Ukiitundika rili ukutani unabaki na sahani yenye matundu. Sidharau sahani hiyo, ila imepoteza sehemu kubwa ya kilichoifanya ipendeze.

Baada ya rili, jicho huhamia kwenye mita. Mita inayoitwa VU, ambayo mshale wake huonesha ukubwa wa sauti, ilikubaliwa mwaka 1939 na makampuni ya utangazaji ya CBS na NBC pamoja na maabara za Bell huko Marekani, na walioitengeneza walimfikiria mtu ambaye angeitazama tangu asubuhi hadi jioni. Uso wake ulipewa rangi ya maziwa yenye umanjano kidogo, ili maandishi meusi na mekundu yasomeke vizuri pasipo kuchosha macho. Mshale wake ulifanywa mzito kwa makusudi: huchukua karibu sehemu 3 za 10 za sekunde kufika unapotakiwa, kwa hiyo hauruki kwa kila pigo la ngoma, bali huinuka na kushuka pamoja na silabi za mwimbaji, kama mkono wa mtu anayesikiliza kwa makini. Sifuri haikuwekwa mwisho wa mita. Iliwekwa mbele kidogo ya theluthi mbili za njia, na kutoka hapo huanza eneo jekundu. Nimewaona watu wasiojua lolote kuhusu desibeli, yaani vipimo vya ukubwa wa sauti, wakielewa mara moja, kwa kuona tu, kwamba mahali pa mshale ni karibu na mpaka ule na si ndani yake. Usanifu mwema hufanya hivyo, humfundisha mtazamaji pasipo maelezo. Mashine nyingi za nyumbani za Ujerumani za miaka ya 1950 na 1960, zikiwamo baadhi za Grundig, zilitumia njia nyingine, yaani taa ya kioo yenye mwanga wa kijani ambao mbawa zake hukaribiana kadiri sauti inavyopanda, na mimi binafsi naiona taa hiyo kuwa nzuri kuliko mita nyingi, ingawa haina usahihi wake.

Uzuri huu haukuanza kama mapambo. Kanda ya sumaku ilibuniwa na Fritz Pfleumer huko Ujerumani mwaka 1928, na kampuni ya AEG ikaionesha mashine yake ya Magnetophon katika maonesho ya redio ya Berlin mwaka 1935. Mitambo ya miaka iliyofuata ilikuwa mizito, na kwa kawaida uso wake ulilala kama meza. Katika redio za Ulaya kanda ilikaa juu ya sahani moja tu, bila sahani ya juu, ikishikiliwa na mkazo wake wenyewe. Waingereza wa kampuni ya EMI walitengeneza BTR2, mtambo mkubwa wa rangi ya kijani uliotumika katika studio za muziki za Abbey Road huko London na za BBC, ambao hakuna aliyeukusudia upendeze nyumbani kwa mtu. Mashine ziliposimamishwa wima ndipo zikapata uso. Rili zilizosimama zingeanguka, kwa hiyo zikahitaji kofia za kuzifunga katikati. Na kofia hizo za chuma zinazong'aa, ambazo leo hukumbukwa na kila apendaye mashine hizi, zilizaliwa na haja ya kuzuia rili isidondoke sakafuni. Kila nikiishika kofia hiyo na kuizungusha mpaka ifunge, hufurahia kwamba kitu kidogo cha lazima kilitengenezwa kwa uangalifu kiasi hicho.

Ningeulizwa nitaje mashine moja ya kumwonesha anayetaka kuelewa ninachosema, ningeitaja Nagra. Stefan Kudelski, aliyezaliwa Warsaw na kusomea uhandisi Uswisi, aliitengeneza ya kwanza mwaka 1951 akiwa bado mwanafunzi, ikiendeshwa na mota ya springi iliyotiwa ufunguo kwa mkono. Nagra III, iliyofuata mwishoni mwa miaka ya 1950, ilitumia transista na betri 12 kubwa za kawaida, na ikawa mashine ya waandishi wa redio na ya warekodi sauti wa filamu duniani kote. Ni sanduku la alumini la kubebwa begani, lenye kifuniko cha plastiki angavu, ili mwenye kuibeba aone kanda ikienda hata akiwa ameifunga kuikinga na vumbi. Kifuniko kikifungwa, hupokea rili za inchi 5. Kikifunguliwa, hupokea za inchi 7. Swichi yake kuu ni moja, kubwa, ya kuzungusha, na mtu huijua imeelekea wapi kwa kuigusa tu gizani. Hakuna urembo uliobandikwa juu yake popote, na bado wapo watu ambao huihifadhi leo kwa heshima ile ile wanayoihifadhia saa nzuri ya mkononi. Hilo halikutokea kwa bahati. Kudelski alikuwa mhandisi asiyekubali skrubu isiyo na sababu ya kuwapo.

Dieter Rams, msanifu wa kampuni ya Braun ya Ujerumani, alipita njia nyingine. Katikati ya miaka ya 1960 alisanifu TG 60, tepurekoda iliyoweza kutundikwa ukutani pamoja na redio yake yenye kikuza sauti (amplifaya) cha ndani na spika zake, zote zikiwa na kimo kimoja na rangi tulivu. Ni kazi ninayoiheshimu sana, nami namwomba mwandishi wa ukurasa wenu wa mapambo aitafute picha yake, kwa kuwa inajibu swali lake mwenyewe: mashine hiyo hupamba ukuta huku ikifanya kazi, rili zake zikizunguka mbele ya watu waliokaa sebuleni. Willi Studer wa Uswisi, ambaye mashine yake ya J37 ilitumika Abbey Road kurekodia nyimbo za bendi ya Beatles, alitoa tepurekoda ya Revox A77 mwaka 1967 kwa ajili ya nyumba, ikiwa na mota tatu na vitufe vichache vilivyopangwa kwa mantiki ambayo haihitaji kitabu cha maelekezo.

Wajapani wa miaka ya 1970 wamelaumiwa mara nyingi kwa kujaza vitufe, taa na mita kila penye nafasi, na katika baadhi ya mashine lawama hiyo ni ya haki. Lakini mtu asiihukumu tepurekoda yao ya Technics RS-1500 kwa lawama hiyo. Humo kanda hupandishwa katikati ya uso na kuzungushwa kwenye kapstani, yaani mhimili unaoivuta kanda, moja kubwa yenye rola mbili za mpira, ili kipande cha kanda kilicho mbele ya hedi kitenganishwe na mtikisiko wa rili. Wahandisi walikuwa wakitafuta utulivu wa mwendo, na walipoupata, njia ya kanda ikawa imechora umbo katikati ya mashine ambalo mchoraji angelitamani. Hapo ndipo ninapoona hoja yangu ikisimama bila msaada wangu: mstari unaopendeza kuliko yote katika mashine ile ni kanda yenyewe, na mashine ikiwa haina kanda, mstari huo haupo.

Kaseti, ambayo Philips waliionesha Berlin mwaka 1963, iliifunga kanda ndani ya plastiki na baadaye nyuma ya mlango. Ilileta faida kubwa ambazo hakuna Mswahili aliyesikiliza taarabu au dansi kwa kaseti anayeweza kuzikana. Kwa upande wa macho, hata hivyo, kilichobaki ni kidirisha kidogo, na baada ya hapo hata kidirisha kikatoweka.

Kwetu Afrika Mashariki, mashine kubwa za rili ziliishi zaidi katika studio za redio. Nyimbo za NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz na bendi nyingine nyingi zilirekodiwa katika Redio Tanzania Dar es Salaam, na humo pia zikahifadhiwa hotuba za Mwalimu Nyerere. Mamilioni ya watu walizisikia sauti hizo, na wachache sana waliona kilichozishika. Ndiyo maana nasikitika ninapoona kwamba, sasa tepurekoda hizi zinapoanza kuonekana hadharani katika hoteli na migahawa ya miji yetu, zinaonekana zikiwa zimekwisha kutolewa matumbo. Na kuna hasara nyingine inayokwenda sambamba na hiyo. Katika nyumba za pwani bado zimo kanda za harusi, za taarabu na za mawaidha ambazo hazijawahi kuhamishiwa kwenye kompyuta. Kila mashine inayogeuzwa kabati inaondoa hedi, mota na rola ambazo zingeweza kuzisoma, na vipuri hivyo vimekuwa adimu.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji walionazo wasikimbilie seremala. Mashine iliyokaa stoo miaka mingi isichomekwe moja kwa moja kwenye umeme. Fundi aifungue kwanza, abadilishe kapasita (vipuri vinavyohifadhi umeme) zilizochoka, asafishe hedi na kuangalia kama mpira wa rola haujageuka kuwa mgumu au wa kunata. Uso wa alumini upanguswe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo tu, kwa maana maandishi yake yamechapwa juu juu na dawa kali huyafuta, nayo yakishafutika hayarudi. Iwekwe mahali ambapo jua halipigi, na ichezwe mara kwa mara, kwa kuwa kukaa bila kuendeshwa huigandisha grisi kwenye ekseli zake. Na kama imekufa kabisa, hadi fundi mwaminifu athibitishe kwamba haifai tena, bado vilivyomo ndani vinahitajika mahali, na mwenye mashine kama hiyo inayofanya kazi aulizwe kwanza kabla sanduku halijapelekwa kupigwa msumeno.

Wako mwaminifu,
Fundi mstaafu wa vifaa vya sauti,
Tanga