Obama naye aliwaengua wenzake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji wa Morogoro ambaye wiki iliyopita aliwashangaa wanaolalamika kuwa majina yao hukatwa wakati wa uteuzi. Alituambia tumtazame Barack Obama, mtoto wa Mluo wa Kogelo: alianzia chini kwenye Seneti ya jimbo la Illinois, hakumwekea mtu pingamizi, hakuwahi kushindwa, akapanda kwa hoja tupu mpaka Ikulu ya Marekani. Barua imeandikwa vizuri na Kiswahili chake kimenyooka. Tatizo ni huo mfano. Katika wanasiasa wote wa Marekani, sijui kama angeweza kuokota mwingine unaompinga yeye mwenyewe kiasi hicho.

Mimi ni mtendaji wa kata mstaafu huku Tanga. Kwa wasiojua, enzi zetu mtendaji wa kata ndiye aliyekuwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi, kwa hiyo kila uchaguzi mkuu fomu za udiwani zilipita mezani kwangu. Nikisikia habari za fomu na wadhamini, hata ziwe za Chicago, hainipiti hivi hivi.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka 1995 kiti cha Wilaya ya 13 kwenye Seneti ya Illinois, upande wa kusini wa Chicago, kilikuwa cha mama mmoja aitwaye Alice Palmer. Mama huyu alitaka kupanda ngazi. Mbunge wa Kongresi wa eneo la jirani, Mel Reynolds, alikuwa na kesi mahakamani (baadaye alitiwa hatiani, akajiuzulu), na Palmer akaamua kukigombea kiti chake. Alipokuwa anaondoka alimwonyesha Obama, mwanasheria wa miaka 34, kuwa ndiye wa kumrithi. Novemba mwaka huo Palmer akabwagwa vibaya, akawa wa tatu, nyuma ya Jesse Jackson Mdogo na Emil Jones. Akageuka na kutaka kiti chake cha zamani. Wazee wa pale wakamfuata Obama wakimwomba ampishe mama. Obama akakataa. Kwa hilo simlaumu, maana ahadi ilikuwa ahadi na yeye tayari alikuwa anazunguka mitaani.

Palmer na watu wake wakakusanya sahihi za wapiga kura wa kumdhamini haraka haraka, siku za mwisho mwisho, wakarudisha fomu zikiwa na sahihi zipatazo 1,580. Zilizotakiwa kisheria ni 757. Mtu angesema amepita mara mbili. Obama yeye alikuwa amerudisha zaidi ya 3,000.

Sasa, ndugu yangu wa Morogoro, sikiliza. Mwanzoni mwa Januari 1996 watu wa Obama waliingia kwenye ofisi ya Bodi ya Uchaguzi ya Chicago na kuanza kupitia fomu za wapinzani, sahihi moja baada ya nyingine, wakilinganisha na daftari la wapiga kura. Si fomu za Palmer peke yake. Walikuwapo wagombea wengine watatu wa chama hicho hicho cha Democratic, nao fomu zao zikachambuliwa vilevile. Huyu hakuandikishwa kwenye anwani aliyoandika. Huyu anakaa nje ya wilaya. Huyu ameandika jina kwa herufi za kuchapa wakati sheria inataka sahihi. Huyu jina lake lilikuwa limeondolewa daftarini, kwa sababu daftari lilikuwa limesafishwa muda si mrefu na maelfu ya majina yalikuwa yameondoka. Hili la mwisho ndilo lililowaua wengi, maana waliokusanya sahihi walitembea na orodha ya zamani.

Palmer akabaki amepungukiwa kama sahihi 200, akajitoa katikati ya Januari. Marc Ewell alirudisha 1,286. Baada ya uchambuzi akapungukiwa 86. Gha-is Askia alirudisha 1,899, akapungukiwa 69. Sitini na tisa! Wa nne naye akaondoka. Kura za maoni za Machi 1996 Obama aliingia peke yake. Na upande ule wa Chicago, ukipita kura za maoni za Democratic umemaliza kazi, kama ilivyo kwenye majimbo yetu mengi ambako ugomvi wenyewe huwa ndani ya chama kimoja. Novemba alipata asilimia 82, mbele ya mgombea wa Republican na wa chama kidogo ambao hawakumtoa jasho.

Kwa hiyo kiti cha kwanza cha Obama alikipata kwa wenzake kuenguliwa. Si uzushi wa mahasimu wake. Gazeti la Chicago Tribune liliichimba habari hiyo mwaka 2007 alipokuwa anautafuta urais, na mwenyewe aliitetea: sheria zipo, aliyeshindwa kuzifuata basi tena.

Nikifika hapa najua msomaji wa Morogoro atafurahi na kusema, "Si unaona? Hata huko wanaengua!" Asifurahi mapema.

Nieleze nilivyoona mimi. Uchaguzi wa 2010, siku ya uteuzi, fomu zinafungwa saa 10 jioni. Kijana mmoja, mgombea udiwani wa chama nisichokitaja katika kata nisiyoitaja, aliingia ofisini saa 9 na nusu, shati limelowa jasho, fomu ndani ya bahasha ya kaki. Nikamkagulia palepale. Mdhamini mmoja namba ya kadi yake ilipungua tarakimu moja. Nikamwambia, muda upo, mtafute huyo mzee uandike namba kamili. Akatoka mbio na bodaboda, akarudi zikiwa zimebaki dakika chache. Kesho yake mpinzani wake akaleta pingamizi: kwenye ukurasa mmoja kijana kaandika Ramadhan, kwenye mwingine Ramadhani. Nililisoma mbele ya wote wawili, nikalitupa, na sababu nikaiandika. Yule mpinzani alininunia mpaka mwaka uliofuata.

Nimelisimulia hili si kwa kujisifu. Kanuni ndivyo zilivyotaka na watendaji wengi walifanya hivyo hivyo. Ninachotaka kionekane ni mahali mambo haya yanapofanyikia. Chicago, aliyechimba makosa alikuwa mtu wa mgombea mwenzako, na jina lake liko kwenye karatasi ya pingamizi. Anayeamua ni mtu mwingine. Fomu zako zinawekwa mezani, watu wako wanakaa upande huu, wake upande ule, mnabishana sahihi kwa sahihi, na mwisho unaambiwa umepungukiwa ngapi. Ewell anajua ni 86. Askia anajua ni 69. Ukitaka kwenda mahakamani unakwenda na hesabu mkononi.

Wanaolalamika kwetu hawalalamikii kuwekewa pingamizi. Chukua serikali za mitaa 2019 (nilikuwa nimeshastaafu, yale ya mwaka ule sikuyashikia kalamu). Malalamiko yaliyojaa magazetini, likiwamo hili lako, yalikuwa ya watu waliokwenda kurudisha fomu wakakuta ofisi imefungwa, au waliobandikiwa karatasi ukutani kuwa hawajateuliwa kwa kutojua kujaza fomu, basi. CHADEMA na vyama vingine vikajiondoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Aliyepokea fomu ndiye aliyeona kosa, ndiye aliyeamua. Mimi niliyekaa kwenye kiti hicho nasema: ni kiti kibaya kukalia ukiwa na madaraka yote hayo, hata kama wewe ni malaika.

Tuendelee na rekodi, maana msomaji wetu alisema Obama hakuwahi kushindwa.

Miaka yake ya Springfield, makao makuu ya jimbo, mwendo wa saa tatu kutoka Chicago kwa gari, haikuwa na makeke mwanzoni. Republican ndio walioshika Seneti, na seneta wa upande wa wachache huko hana meno. Alipata sheria moja ya kuzuia zawadi kwa wanasiasa mwaka 1998, akiwa na mwenzake wa Republican, Kirk Dillard. Alijifunza kucheza karata na maseneta wa vijijini, na inasemekana alicheza kwa hesabu, hakupenda kuliwa. Katika miaka minane alipiga kura ya "nipo" karibu mara 130, yaani si ndiyo wala hapana. Huko ni mbinu inayotumiwa na wengi, lakini hata hivyo Hillary Clinton alikuja kumsema sana kwa hilo. Uchaguzi wa 1998 alipata asilimia 89.

Ndipo akavimba kichwa. Mwaka 1999 aliamua kumng'oa Bobby Rush kwenye Kongresi katika uchaguzi wa 2000. Rush alikuwa amewahi kuwa kiongozi wa Black Panther, kundi la Weusi waliopigania haki zao, pale Illinois, yumo Kongresi tangu 1993, na mapema mwaka huo huo alikuwa amegombea umeya wa Chicago akapigwa mweleka na Richard Daley. Obama akadhani mzee ameshalegea. Hesabu hiyo ilikuwa mbovu. Kushindwa umeya hakukumwondolea Rush mapenzi ya mtaani kwake. Halafu Oktoba 1999 mtoto wa kiume wa Rush aliuawa kwa risasi, na eneo zima likaomboleza naye. Utamshambulia vipi mtu aliye msibani?

Mwishoni mwa Desemba 1999 Seneti ya Illinois iliitwa kupigia kura muswada wa kudhibiti silaha. Obama alikuwa Hawaii kwa bibi yake. Binti yake, wa mwaka mmoja na nusu, akaugua, hawakurudi kwa wakati. Muswada ukaanguka kwa kura chache. Magazeti ya Chicago yalimchana. Fikiria: mpinzani wako amezika mtoto aliyepigwa risasi, na wewe uko ufukweni siku ya kupigia kura habari za bunduki. Sababu ilikuwa ya kweli kabisa, mtoto mgonjwa, lakini mtaani nani anakusikiliza? Rais Bill Clinton naye akajitokeza redioni kumpigia debe Rush.

Tarehe 21 Machi 2000: Rush asilimia 61, Obama 30, Donne Trotter 7. Mara mbili na zaidi. Wakamwona msomi wa Harvard na mwalimu wa chuo kikuu, si mtu wao. Huo ndio uchaguzi pekee aliowahi kushindwa, na hata Rush alibaki Kongresi mpaka Januari 2023, Obama ameshaondoka Ikulu miaka sita.

Mimi naamini, na huu ni mtazamo wangu, kwamba kile kipigo kilimjenga kuliko ule ushindi wa 1996. Palmer na wenzake walipoondoka, Obama hakujifunza lolote kuhusu wapiga kura, kwa sababu hakuna aliyempima. Mwaka 2000 alipimwa na mtu mwenye mizizi, akajua mapungufu yake kwa asilimia. Mtu anayepita bila kupingwa miaka nenda miaka rudi atayajulia wapi mapungufu yake?

Kisha ikaja ramani. Mwaka 2001 mipaka ya wilaya za uchaguzi Illinois ilichorwa upya, na vyama viliposhindwa kukubaliana sheria ilitaka kura ya kubahatisha: jina likachomolewa kwenye kofia ndefu ya mfano wa ile ya Abraham Lincoln, likatoka la Democratic. Naapa si utani. Democratic wakachora watakavyo, na wilaya ya Obama ikavutwa kaskazini kando ya ziwa mpaka kwenye mitaa ya matajiri wa katikati ya jiji, watu wenye pesa za kuchangia kampeni. Mwaka 2002 akapita hana mpinzani. Januari 2003 chama chake kikashika Seneti, Emil Jones akawa rais wa Seneti, na ghafla yule seneta asiye na meno akawa anapitisha sheria: polisi warekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji, polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha. Zile ni kazi za kweli na sitazibeza. Machi 2004 akawashinda wenzake sita kwenye kura za maoni za Seneti ya Marekani kwa asilimia 53, na Novemba akapata 70 dhidi ya Alan Keyes, aliyeletwa kutoka Maryland baada ya mgombea wa awali wa Republican, Jack Ryan, kujitoa kwa kashfa ya talaka.

Kile kiti chake cha Springfield hakikuitishiwa uchaguzi mdogo. Viongozi wa chama wa eneo hilo walikaa wakamteua Kwame Raoul, ambaye leo ni Mwanasheria Mkuu wa Illinois. Naomba msomaji wa Morogoro atafakari na hilo pia kabla hajatuletea barua ya pili.

Jina langu naomba lihifadhiwe.

Mtendaji wa Kata Mstaafu,
Korogwe, Tanga.