Mbona tunakudai faili ya mionzi kabla ya kukuwekea waya za meno

Hii maneno ya "mlikula pesa yangu ya eksirei na hamkuniwekea waya" imeingia tena kwa WhatsApp yetu, wacha tuielezee hapa.

Kama ulitibiwa kansa ya mdomo kwa mionzi, hatugusi jino kabla ya kuona ripoti ya hospitali, mionzi ilipita upande gani na ilikuwa kiasi gani. Taya lililopigwa mionzi mingi, hasa 60 Gy (gray, kipimo cha mionzi) kwenda juu, damu haifiki vizuri tena, na hiyo haiishi hata miaka ikipita. Na hata faili ikiwa safi, kwa kawaida tunangoja kama miaka 2 bila kansa kurudi.

Sasa watu wanajiongeza. Unajua waya zinataka nafasi, unapitia kakliniki ka hapo steji unang'olewa jino kwa bei ya chini na husemi kitu kuhusu mionzi. Mama mmoja alitujia hivyo, shimo la jino limekaa wazi miezi, ukimulika na tochi unaona mfupa mkavu wa kijivu, na harufu juu. Waya tukasahau, akaenda kwa daktari wa upasuaji wa mataya kukwanguliwa mfupa, bili yake hata usiulize. Na lile jino tungeliacha tu, tungesaga meno kidogo pembeni nafasi ipatikane.

Bei nayo. Ndio, tuko juu kuliko pale binamu yako aliwekewa. Wewe mionzi imekukausha mate, meno yanaoza haraka pale karibu na ufizi, kwa hivyo kwanza tunakutengenezea trei za floraidi za kuvaa kila siku. Waya tunaweka nyembamba na tunavuta polepole. Kuna mzee mdomo wake ulikuwa haufunguki hata vidole viwili, meno ya nyuma hatungeyafikia, tukampa vijiti kama vile vya aiskrimu avipange katikati ya meno akiongeza kimoja kimoja, wiki baada ya wiki, na hiyo yote ni kazi hata kama huoni chuma mdomoni.

Kama unadungwa dawa ya kuimarisha mifupa pia sema, usifiche, taya linaweza kukataa kupona.

Ukiwa na eksirei ya taya zima uliyopigwa juzi, kuja nayo, hatutakupiga ingine. Na kama bado hujaanza mionzi, jino bovu ling'olewe sasa, angalau wiki 2 kabla, kidonda kipate kufunga.