Salamu za tarehe 25 Julai

Ndugu, jamaa na marafiki, nawasalimu nyote katika Siku ya Mashujaa hapa Tanzania. Najua wengi mmeamkia kazini kama kawaida, maana leo si siku ya mapumziko. Kagera ni kiangazi, watu wako kwenye kahawa. Kwenye runinga tutaona gwaride, kisha Rais ataweka mkuki na ngao mnarani, Mkuu wa Majeshi sime, na kiongozi wa mabalozi shada la maua.

Silaha zile za jadi huwekwa kwa ajili ya waliokufa. Kule Kaboya, wilayani Muleba, wamelala mamia ya askari wetu wa vita dhidi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda. Wapo pia vijana wetu waliouawa Semuliki, Kongo, Desemba 2017, wakilinda amani ya watu wengine. Hao wakiitwa mashujaa, sina neno. Ninachojiuliza ni kuhusu walio hai: tuwaite mashujaa, au tuwape asante?

Kila mwaka tunawapigia makofi wazee wa vita, tunawaita mashujaa, tunapiga nao picha, basi. Lakini hebu tukumbuke ni akina nani walikwenda. Majeshi ya Amin yalipovuka mpaka mwaka 1978 na daraja la Kyaka, kwenye mto Kagera, likavunjwa, jeshi letu peke yake halikutosha. Maelfu ya mgambo walitolewa mashambani na viwandani, wakafundishwa haraka haraka, wakaenda. Sehemu kubwa ya safari ya kuingia Uganda ilikuwa ya miguu. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na baada ya vita wengi wa wale mgambo walirudi kwenye jembe lilelile. Wapo walioyaona mambo, na pengine kuyafanya, ambayo hawataki kusifiwa kwayo. Mtu wa namna hiyo ukishamwita shujaa umemfunga mdomo. Shujaa atasemaje kwamba aliogopa? Atadaije mafao yake bila kuonekana analalamika?

Kwa hiyo, kuliko neno shujaa, mimi nachagua asante, ila asante yenye mkono wa msaada. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amevuka 65, magoti yanauma, na dirisha la hospitali linataka kadi ya bima. Kumsaidia kufuatilia kadi hiyo kunazidi hotuba zote za leo, pamoja na hii yangu.

Tena asante hiyo isiishie kwa waliobeba bunduki. Malori na mabasi ya raia yalichukuliwa yakapeleka askari na vyakula mbele. Wakazi wa Kagera waliuawa, wakaporwa, wakakimbia makwao. Vita vilipokwisha, Mwalimu Nyerere akaomba taifa zima lifunge mkanda kwa miezi 18, na waliokuwepo wanajua miezi hiyo ilivyorefuka. Kwenye gwaride sijaona anayewawekea hao hata ua.

Basi leo, kama mtaani kwenu yupo mzee wa vita, piteni kwake mkampe shikamoo. Muulizeni alikuwa kikosi gani, wenzake wako wapi. Akitaka kusimulia, sikilizeni bila kumkatiza. Na akitaka kuzungumzia Simba na Yanga tu, mzungumzieni Simba na Yanga.

Nawatakia siku njema nyote.