Barua ya wazi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma): Kipindi cha saa moja asubuhi kiondolewe

Profesa, shikamoo.

Wiki iliyopita nilikusanya madaftari ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza nione wanaandika nini ninapofundisha. Daftari moja limenikaa kichwani. Ukurasa unaanza vizuri, mwandiko umesimama, kichwa cha somo kimepigwa mstari kwa rula. Kufika mstari wa sita herufi zinaanza kulala. Mstari wa tisa zinapandana. Kisha kuna neno "melaton", na kutoka kwenye hiyo n ya mwisho wino unateremka kama njia ya konokono mpaka nje ya karatasi. Somo la siku hiyo lilikuwa usingizi. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi.

Sikumkemea. Ningemkemea kwa kosa gani, na nusu saa nzima nilikuwa nimesimama mbele yake nikieleza kwa nini mwili wa kijana wa umri wake, saa hiyo, bado uko usiku?

Ninachowafundisha ni hiki. Juu kidogo ya mahali neva za macho zinapopishana, ndani ya sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi, kuna vifungu viwili vya seli za neva, jumla yake kama 20,000. Hiyo ndiyo saa kuu ya mwili. Inapokea taarifa za mwanga kutoka kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho, kisha inapanga lini melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba ni usiku, imwagwe, lini joto la mwili lishuke, lini kortisoli, homoni inayouandaa mwili kuamka, ipande. Mwaka 2017 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba kwa kueleza jinsi saa ya namna hii inavyojiendesha ndani ya seli, kazi waliyoifanya kwa inzi wa matunda: protini inarundikana usiku, ikishajaa inaizima jeni iliyoitengeneza, mchana inavunjwa, mzunguko unaanza tena. Swali hilo tunalitungia mtihani kila mwaka.

Ila kuna sehemu ambayo waliopanga ratiba yetu hawakuihesabu. Saa hiyo haiendi sawa kwa watu wa umri wote. Tangu balehe inazidi kuchelewa, inafikia kilele cha kuchelewa karibu na miaka 20, halafu inaanza kurudi taratibu. Yaani tunawapokea chuoni katika miaka ileile ambayo miili yao inachelewa kuliko wakati wowote mwingine wa maisha yao. Wewe na mimi, Profesa, tunaamka alfajiri bila kengele na kuiita nidhamu. Sehemu kubwa ni umri.

Najua jibu linalokuja, nimelisikia kwenye vikao: walale mapema. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore walichapisha uchunguzi unaolijibu vizuri. Hawakuwauliza wanafunzi wanalala saa ngapi, maana hapo kila mtu hujisifia. Walitumia kumbukumbu za mtandao wa Wi-Fi wa zaidi ya wanafunzi 23,000 kuona nani yuko ukumbini, wakaangalia pia nyakati ambazo wanafunzi huingia kwenye mfumo wa masomo, na wengine 181 wakavishwa vipimo vya mwendo mkononi. Mahudhurio ya mihadhara ya saa mbili asubuhi yalikuwa chini kwa pointi 10 za asilimia kuliko ya saa za baadaye. Usiku wa kuamkia vipindi vya mapema, usingizi ulipungua kwa saa nzima. Ulipungua upande mmoja tu: waliamka mapema zaidi. Hawakulala mapema zaidi, kwa sababu saa ya ubongo haisomi ratiba ya msajili. Na kadiri mtu alivyokuwa na siku nyingi za vipindi vya asubuhi kwa wiki, ndivyo wastani wa alama zake ulivyokuwa mdogo.

Kumbuka, hao ni wa saa mbili. Sisi tunaanza saa moja. Kiswahili chenyewe kinahesabu saa tangu jua lichomoze, kwa hiyo anayekaa mbali na chuo amekwisha kuamka, kuoga na kusimama kituoni kabla siku haijatimiza hata saa yake ya kwanza.

Mwaka huohuo wa 2023 watafiti wa Marekani waliwavisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza zaidi ya 600 vipimo vya usingizi mapema katika muhula, wakasubiri matokeo. Waliokuwa wakilala chini ya saa sita ndio alama zao zilizoshuka zaidi. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba usingizi pekee ndio sababu, na sitajifanya kwamba unathibitisha. Simu nayo ina lawama zake. Mwanga wake usiku unaichelewesha saa hiyohiyo, na nawaambia hivyo bila kupepesa macho. Lakini simu iko mikononi mwao. Ratiba iko mikononi mwako.

Nilijaribu kitu kidogo darasani. Wanafunzi walikaa wawiliwawili, mmoja anaiachia rula, mwenzake anaidaka kwa vidole viwili. Ikianguka sentimita 20 kabla ya kudakwa, umetumia kama sekunde 0.2. Tulifanya saa moja, tukarudia saa tano. Saa tano rula zilidakwa mapema zaidi, na vicheko vilikuwa vingi zaidi. Huo si utafiti, huenda walikuwa wamekwishazoea mchezo. Lakini saa moja kuna binti aliyeitazama rula ikapita katikati ya vidole vyake mpaka sakafuni, akaniuliza, "Mwalimu, tumeanza?"

Muhula ujao binti huyo atakuwa zamu za usiku wodini, na ratiba inamtaka ukumbini asubuhi inayofuata. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hushuka utendaji sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Mwanafunzi akiingia maabara ananuka pombe, tunamfukuza. Akiingia hajalala, tunamweka alama ya kuhudhuria.

Naelewa shida ya kumbi. Masomo ya lazima yana wanafunzi wengi, kumbi kubwa ni mbili, na saa moja asubuhi ndipo zinapopatikana bila ugomvi. Kwa hiyo siombi chuo kizima kihame. Naomba masomo ya lazima ya mwaka wa kwanza na wa pili yasianze kabla ya saa tatu, na mitihani pia. Saa moja wapewe wa shahada za uzamili, ambao wengi ni watu wazima wanaowahi kazini, na masomo ya hiari ambayo mtu anayachagua akijua saa yake. Anayetoka zamu ya usiku asipangiwe kipindi asubuhi yake. Iwe kwa muhula mmoja wa majaribio. Idara yetu itachukua mahudhurio na kulinganisha alama na za muhula huu, na matokeo nitakuletea hata kama yatanisuta.

Mhadhara wangu wa pili kuhusu usingizi umepangwa Jumatatu, saa moja kamili asubuhi. Karibu sana, Profesa. Huna haja ya kuwekewa nafasi, safu za mbele huwa wazi.

Wako mtiifu,
Mhadhiri wa fiziolojia ya binadamu