Kabla hujaipandisha Facebook

Kisauni, Jumanne

Shoga yangu,

Nimeisoma posti uliyoiandika kumhusu mwenye nyumba wako wa zamani, pamoja na ile picha yake. Hasira yako naielewa. Umehama zamani, dipoziti hujaiona, na ukimpigia hashiki. Lakini posti hiyo usiipandishe Facebook ilivyo.

Unasema mahakama hapa Kenya ilishatufungulia midomo. Ni kweli, ila si kote. Mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichokuwa kimemfikisha mtu kortini kwa aliyoandika Facebook. Maneno ya kifungu hicho yalikuwa mapana hata mzaha ungeweza kunaswa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikaifuta na kashfa ya jinai, yaani kumchafulia mtu jina kuhesabiwa uhalifu. Kesi ya madai lakini ipo palepale: mwenye nyumba anaweza kukushtaki akataka fidia.

Sasa tazama hapo ulipoandika "huyu ni mwizi". Sheria yetu ya kashfa inasema ukimsingizia mtu kosa ambalo kifungo chake ni miaka mitatu au zaidi, naye akashinda kesi, fidia haipungui shilingi 400,000. Wizi umo humo. Wewe unadai 18,000! Ukithibitisha ni kweli umepona, ila kumthibitishia hakimu wizi ni kazi. Kuthibitisha kwamba ulilipa na hujarudishiwa, ujumbe wa M-Pesa unatosha. Basi andika hilo: ulilipa lini, kiasi gani, ulihama lini, alikujibu nini. Mimi naona litamuuma zaidi. Na usidhani ukiituma kwenye grupu la mtaa ndiyo umejificha. Mle mna watu, tena wanaomjua.

Ile aya ya kabila lake ifute yote. Hao wengine wamekukosea nini? Matusi ya kuchochea chuki ya kikabila hayalindwi na Katiba, soma ibara ya 33, na Sheria ya Utangamano ya 2008 inaweka faini hadi milioni moja au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Ilitungwa baada ya damu ya uchaguzi wa 2007, si sheria ya mchezo.

Pesa yako tuidai Mahakama ya Madai Madogo. Inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na wakili si lazima. Ijumaa nikitoka kazini nitapitia kwako tuandike madai. Tafuta ule mkataba, na zile picha za ukuta ulizopiga siku ya kuhama usizifute.

Wako,
Mwanafunzi mwenzako wa zamani